Utofauti wa jeni ni nini, na kwa nini kuhesabu vichwa hakutoshi

Jirani yetu mmoja huku Bagira, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mzee wa heshima zake, alianza kufuga na sungura watatu: dume mmoja na majike wawili. Mwaka haukuisha, vizimba vikajaa hadi ukutani mwa jiko. Dume mwingine hakununua. Atoe pesa ya nini, na huyu aliye naye anafanya kazi? Basi dume akawapanda binti zake, kisha wajukuu. Kufika mwaka wa tatu, jike aliyezoea kuzaa saba anazaa wawili, na mmoja kati yao meno yamepinda, hawezi kutafuna jani. Mama mmoja wa Kabare aliyekuja kununua aliangalia kizimba, akasema, "Muzee, damu imechoka. Tafuta dume wa mbali."

Hiyo "damu iliyochoka" wataalamu wanaiita kupungua kwa utofauti wa jeni.

Jeni ni maagizo ya mwili ambayo mtoto hurithi kwa wazazi, nakala moja ya baba na nyingine ya mama. Karibu kila mnyama anabeba nakala kadhaa mbovu bila kuumwa, kwa kuwa nakala nzima ya upande wa pili inazifunika. Ndugu wakizaana, mtoto anaweza kupata ile mbovu kotekote, na hapo hakuna cha kuifunika. Lakini jambo haliishii kwa mtoto mmoja. Kundi lenye nakala za aina nyingi lina akiba: ugonjwa mpya ukiingia, huenda wachache wakawa na kinga. Kundi la wanyama wanaofanana mno likipigwa, hupigwa lote.

Mfano unaonifungua macho zaidi ni wa mnyama asiyekuwapo kwetu: ayala, yule wa Zaburi ya 42. (Wengi humwita kulungu, lakini kulungu wetu ana pembe zisizoanguka. Za ayala dume huanguka kila mwaka zikaota upya.) Kwa ayala mwekundu wa Ulaya, msimu wa kupandana ukifika, dume mwenye nguvu hukusanya majike na kuwafukuza vijana. Sasa chukua kundi la wanyama 100 wanaozaa, madume 5 na majike 95. Hesabu yake ni hii: zidisha 4 kwa 5 kwa 95, gawanya kwa 100. Jibu ni 19. Kwa upande wa jeni, kundi hilo linaishi kama wanyama 19 tu, na kila kizazi hupoteza karibu asilimia 2.6 ya utofauti wake. Anayehesabu vichwa anarudi nyumbani anafurahi, kumbe akiba inavuja.

Ndiyo maana kutunza ayala si kukataza bunduki peke yake. Sehemu nyingi za Ulaya mbwa mwitu na dubu walimalizwa zamani, kwa hiyo ayala huwindwa kwa idadi iliyopangwa, la sivyo wanamaliza miche ya msitu. Swali ni nani apigwe. Wawindaji wakitaka daima dume mwenye pembe kubwa, wanapunguza madume ambao tayari ni wachache. Na kuna kosa lingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Katika jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, ayala wanaruhusiwa kukaa kwenye asilimia 4 hivi ya ardhi, na anayetoka nje ya maeneo hayo hupigwa. Anayetoka kwa kawaida ni nani? Dume kijana aliyefukuzwa na wakubwa, anayetafuta majike kwingine. Yaani yule yule "dume wa mbali" wa mama wa Kabare, anauawa akiwa njiani. Barabara kuu nazo zimekata mapito, ndiyo maana huko wanajenga madaraja yaliyooteshwa majani kwa ajili ya wanyama tu.

Kuleta wanyama kwa gari pia kunawezekana, ila kwa uangalifu. Ayala wa Japani walioletwa Uingereza karne ya 19 walizaana na ayala wekundu wa Uskoti, na sasa kuna sehemu ambako damu zimechanganyika.

Tuje kwetu. Gorila, ngagi tunavyowaita, nao wana mtindo huo wa dume mmoja mkubwa na majike wengi. Gorila wa milimani ni 1,063 kwa hesabu zilizotolewa 2018 na 2019: 604 upande wa milima ya Virunga, 459 upande wa msitu wa Bwindi huko Uganda, na katikati ni mashamba tu. Uchunguzi wa jeni zao uliotolewa 2015 ulikuta kwamba kwenye theluthi moja hivi ya maagizo yao, nakala ya baba na ya mama zinafanana.

Kahuzi-Biega, parke yetu ya hapa Bukavu, ina ngagi pia, ingawa si wale wa milimani niliowataja. Ina sehemu mbili: ya mlimani, kilomita za mraba 600 hivi, na ya chini iliyo kubwa mara nyingi. Zinaunganishwa na ukanda mwembamba wa msitu, na ndani ya ukanda huo kuna mashamba na malisho. Wanaolima pale wana watoto wa kulisha na madai ya ardhi ya muda mrefu, kwa hiyo sitajifanya nina jibu jepesi.

Mzee wa Bagira alimaliza shida yake kwa siku moja: dume jipya lilitoka Kabare kwenye kikapu, nyuma ya pikipiki. Ngagi dume anakaribia kilo 200. Huyo lazima apite mwenyewe, kwa miguu, na njia iliyobaki ni ule ukanda.