Muuguzi anapotetea kiti

Wauguzi na matabibu wanaotamani udiwani au ubunge huniuliza zaidi habari za kuingia: chama, fomu, fedha za kampeni. Mimi ni muuguzi, nimemaliza muhula mmoja wa udiwani na sasa natetea kiti. Ninachokiona ni kwamba kilichotuingiza barazani hakitoshi kuturudisha.

Tunaingia kwa kuaminiwa. Mtu uliyemhudumia mama yake usiku wa manane anakufahamu kabla hujabandika bango hata moja, na imani ya namna hiyo haipatikani jukwaani. Eddie Bernice Johnson alikuwa muuguzi mkuu wa wagonjwa wa akili katika hospitali ya maveterani huko Dallas. Mwaka 1972 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Texas, na mwaka 1992 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani, muuguzi wa kwanza mwenye leseni kufika huko. Alikaa miaka 30. Karen Bass, aliyekuwa msaidizi wa daktari kwenye idara ya dharura, alianza na kazi ya kuunganisha wakazi wa mitaa ya kusini mwa Los Angeles mwaka 1990, na mwaka 2022 akachaguliwa kuwa meya wa jiji hilo. Wote wawili walipanda ngazi moja baada ya nyingine, na kwa miaka mingi.

Kabla ya kuchukua fomu, soma sheria ya utumishi unaokuhusu. Kenya, kwa mfano, inamtaka mtumishi wa umma anayegombea ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya uchaguzi, na Marekani mtumishi wa serikali ya shirikisho haruhusiwi kugombea katika uchaguzi unaoshindaniwa kwa tiketi za vyama. Maana yake mshahara unakatika kabla kampeni haijapamba moto, kwa hiyo akiba ya nyumbani iandaliwe mapema. Leseni nayo usiiache ife. Endelea na mafunzo ya taaluma hata ukiwa diwani.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni siri ya mgonjwa. Orodha ya kliniki si orodha ya wapiga kura. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili iliandikwa kwa ajili ya matibabu, basi. Hata mgonjwa akikuambia, "Taja tu jina langu, waambie ulivyoniokoa," usilitaje. Anayekupa ruhusa hiyo huenda kesho akahitaji tena huduma ya mikono yako, na ruhusa ya mtu anayekutegemea haina uhuru kamili. Mkutanoni mimi husubiri anisalimie yeye kwanza. Nikimwahi kwa "Unaendeleaje na dawa?" mbele ya majirani, ninaweza kumwanika mtu wa kifua kikuu au wa virusi vya UKIMWI kwa sentensi moja, na hakuna kiti kinachostahili gharama hiyo.

Sasa kura ya pili. Hapa hawakuulizi tena una moyo gani, wanauliza umefanya nini. Na kazi nzuri ya afya kwa kiasi kikubwa haionekani. Mtoto ambaye hakuugua kipindupindu kwa sababu kisima kilitibiwa dawa haji mkutanoni kutoa ushuhuda. Mama yake hajui hata kwamba kulikuwa na hatari. Jengo jipya linaonekana, lina utepe na picha. Ndiyo maana wanasiasa hupenda majengo, na ndiyo maana kuna zahanati zilizofunguliwa kwa shangwe ambazo jioni hufungwa kwa kufuli.

Muuguzi anajua hesabu ambayo wengi barazani hawaijui, kwa sababu amepanga ratiba ya zamu. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya kazi saa 40, nafasi moja tu ya muuguzi isiyokatika usiku na mchana inahitaji watu wanne na ushee. Ongeza likizo, ugonjwa na uzazi, wanafika watano au zaidi. Kwa hiyo chumba cha kujifungulia kikija mezani kama mradi wa maendeleo, uliza papo hapo: mishahara ya hao watano iko wapi kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida, yale ya kila mwaka? Nimeuliza swali hilo mpaka wenzangu wamelizoea, na naliona kuwa ndilo mchango wangu mkubwa kuliko hotuba zote nilizotoa.

Anza kuweka kumbukumbu mwezi wa kwanza wa muhula: dawa zipi zilikosekana na kwa muda gani, kituo kilifunguliwa saa ngapi. Usiposhika takwimu za mwanzo, mwishoni huna cha kulinganisha. Na likija suala la posho za wahudumu wa afya nawe bado una ajira huko, tangaza maslahi yako na usipige kura.

Hatari nyingine iko ndani ya chama. Cori Bush, muuguzi kutoka Missouri, alimwangusha mbunge wa siku nyingi kwenye kura za mchujo za mwaka 2020; mwaka 2024 naye akaangushwa kwenye mchujo huohuo. Lauren Underwood, muuguzi aliyeshinda ubunge Illinois mwaka 2018, alirudi mwaka 2020 kwa tofauti ndogo sana, huku akishikilia ajenda moja inayoeleweka: vifo vya akina mama weusi wakati wa ujauzito na uzazi. Mpiga kura alijua anamrudisha afanye nini.

Mimi naomba muhula wa pili kwa ajili ya nafasi za wauguzi wa zamu ya usiku ambazo baraza limekwisha kuziidhinisha na bado hazijajazwa. Kila mkutano naanza na hilo, kisha natoa nafasi ya maswali.