Kijani siyo jibu, niambie ni mangapi

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, nikiwa nafunga begi niondoke Njiro, hapa Arusha, kijana wa ofisini kwetu, tunakoandika programu za kompyuta, akanifuata.

"Kaka, majaribio yote yamepita. Kijani tupu. Nipandishe toleo jipya?"

"Yamepita mangapi?"

"Yote."

"Yote ni mangapi?"

Kimya. Nikalirudisha begi chini.

Swali hilo nimeshaliuliza mara nyingi mno, kwa vijana wa mafunzo, kwa wenzangu wa siku nyingi, hata kwa wateja wanaonitumia picha ya skrini yenye alama ya kijani wakidhani imemaliza mazungumzo. Kila mara napata uso uleule wa mshangao. Basi leo naandika, ili wa kesho nimpe kiungo tu.

Majaribio ni programu ndogo zinazoukagua msimbo wetu, na seva huyaendesha kwa skripti, yaani orodha ya amri. Kijani maana yake ni kwamba amri ya mwisho ya skripti ilimaliza na namba 0, yaani "sina kosa". Seva haijui zaidi ya hapo. Haijui kama jaribio la malipo lilifanyika au lilikuwa limelala.

Nianze na kosa jepesi, nilipite haraka. Pytest ni chombo cha kuendesha majaribio ya Python, na `tee` huonyesha matokeo huku ikiyaandika kwenye faili. Ukiandika `pytest | tee matokeo.txt`, namba inayosomwa ni ya `tee`, siyo ya pytest. Hata majaribio 40 yakianguka, `tee` imeandika faili lake vizuri, inarudisha 0, seva inapaka kijani. Kwenye bash weka `set -o pipefail` juu ya skripti, ili anguko la pytest lisifichwe na `tee`. Na ukikuta mtu ameweka `|| true`, inayolazimisha namba 0, mwisho wa mstari wa majaribio, mwulize alikuwa anaficha nini.

Sasa lile linaloniumiza. Miaka michache nyuma nilisimamia mfumo wa kupokea kahawa kwa chama kimoja cha wakulima upande wa Moshi: mkulima analeta kahawa yake, inapimwa kilo, mfumo unakokotoa malipo. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliamua mafaili yetu yawe na majina ya Kiswahili. `test_malipo.py` ikawa `jaribio_malipo.py`. Wazo nililipenda. Lakini pytest isipoelekezwa vingine huokota mafaili yanayoanza na `test_` au yanayoishia na `_test.py` peke yake. Faili la malipo likaachwa nje, pamoja na mengine manne. Majaribio yakashuka kutoka 214 hadi 171, na yale 171 yalipita yote. Kijani.

Hakuna kilichovunjika ili tukione. Pytest ina namba 5 ya kusema "sikupata jaribio lolote", lakini hiyo hutoka pale tu ambapo halikupatikana hata moja. Ukipoteza 43 na kubaki na 171, kwake kila kitu ni salama. Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye mipangilio, `python_files = test_*.py jaribio_*.py`. Tatizo tuliligundua baada ya mzee mmoja kuja ofisini na risiti mbili mkononi, kilo zilezile, daraja lilelile, fedha tofauti. Alikuwa amezikokotoa mwenyewe kwa kalamu. Ile kalamu ilifanya kazi ambayo majaribio yangu yalipaswa kuifanya, na nilimwomba radhi mbele ya watu.

Watu wa Perl, lugha ya programu ya siku nyingi, waliliona tatizo hili tangu 1987. Matokeo ya majaribio yao hutangaza mpango, mathalani `1..43`, yaani yanatarajiwa majaribio 43, kila moja na mstari wake. Ikifika mistari 40 tu, msomaji wa matokeo anajua matatu hayakufika, na hilo ni kuanguka. Ripoti za XML za mtindo wa JUnit (mafaili ya matokeo yanayosomwa na mashine), ambazo karibu sote tunazitumia leo, hazina ahadi hiyo. Zinakwambia yaliyofanyika ni mangapi. Yaliyotarajiwa hazikwambii, kwa hiyo hesabu hiyo uitunze wewe. Sisi tunaiweka kwenye faili dogo ndani ya hazina ya msimbo. Ikipungua, skripti ya kukusanya matokeo inagoma mpaka mtu aeleze kwa maandishi.

Na ukikusanya, kusanya sehemu zote. Ndani ya ripoti kuna `failures` na kuna `errors`, na siyo kitu kimoja. Ya kwanza ni jaribio lililouliza swali likapata jibu baya. Ya pili ni jaribio lililokwama, mara nyingi kabla hata ya kuuliza: hifadhidata haikuwaka, nenosiri limebadilika. Nimewahi kusoma ripoti ya mkandarasi iliyoandika "yaliyofeli: 0" wakati 60 yalikuwa yamekwama. Alijumlisha safu moja.

Halafu umeme. Pytest huandika faili lake la XML mwishoni kabisa. Umeme ukikatika katikati, faili la leo halipo, lakini la jana bado limekaa pale pale kwenye folda, na skripti yako inalisoma bila kinyongo. Futa matokeo ya zamani kabla ya kuanza. Kila mara.

Kuhusu majaribio kigeugeu, yale yanayopita leo na kuanguka kesho bila mtu kugusa msimbo, ni lazima niseme ukweli kwamba sijaridhika na ninavyofanya. Google walichapisha mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yana ugeugeu wa kiwango fulani, kwa hiyo siyo ugonjwa wetu peke yetu. Wengi huyarudia mara tatu, likipita moja basi. Nami nimefanya hivyo, kazi ikinibana. Lakini kuna jaribio moja linanifanya nisilale vizuri na uamuzi huo.

Lilikuwa la mfumo wa kuhifadhi vyumba. Lilianguka kwenye kompyuta ya dada mmoja tu, ambaye hufanya kazi usiku wa manane. Kwenye seva lilipita siku zote. Tukaliita kigeugeu, tukaliwekea kurudia. Yeye akakataa, akaandika saa ya kila anguko: yote yalitokea kati ya saa sita na saa tisa usiku. Saa zetu ziko mbele ya UTC, saa ya kimataifa, kwa saa tatu. Katika saa hizo, hapa ni leo, UTC bado ni jana. Programu ilichukua tarehe ya UTC. Jaribio lilichukua tarehe ya kompyuta. Seva ilikuwa kwenye UTC, kwa hiyo kule tarehe mbili hazikupishana kamwe. Mgeni aliyetua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku na kupokelewa saa saba alikuwa anaandikwa kuwa amefika jana, na analipishwa usiku mmoja zaidi. Jaribio lilikuwa linasema kweli, sisi tukalinyamazisha. Tangu hapo kila marudio nayaandika kwenye ripoti pamoja na saa yake, lakini sijui ni mangapi mengine niliyazima kabla yake.

Yule kijana wa Ijumaa alirudi baada ya dakika ishirini.

"Kaka, jumla ni 131."

"Hiyo ni jumla. Yaliyopita?"

Akaangalia tena. "96. Yaliyorukwa 35."

Jaribio lililorukwa nalo huacha namba ikiwa 0. Tukafungua faili pamoja. Alama ya kuruka ilikuwa juu ya darasa zima la majaribio ya kurejesha fedha, na maelezo yake yalikuwa maneno matatu: "kwa muda tu". Iliwekwa Machi. Tukaitoa, tukaendesha upya, 12 yakaanguka. Toleo halikupanda.