Punguza Maneno, Kuza Namba

"Nimelipia gari zima, usiache nafasi wazi." Kauli hii naisikia kwa mafundi bomba, mafundi umeme, mafundi friji, wote wanaoleta kirikuu au Noah kubandikwa stika, na nimechoka kuijibu kwa mmoja mmoja. Nafasi wazi ndiyo inayofanya namba yako isomeke. Ukiijaza, watu wataona gari limeandikwa, lakini hawatajua limeandikwa nini.

Hesabu yake ni hii. Herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka bila taabu kutoka umbali wa kama mita 3. Zaidi ya hapo inasomeka kwa kukaza macho, na dereva aliye barabarani hakazi macho kwa ajili yako. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa anamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Sasa chukua mlango wa nyuma wa bodi ya kirikuu: kimo chake ni takriban sentimita 30, upana unazidi kidogo mita 1.3. Namba moja ya tarakimu kumi, ikigawanywa nne-tatu-tatu, inakaa pale kwa kimo cha sentimita 15. Inasomeka vizuri kutoka mita 18. Ukiniambia niweke namba tatu, kila moja inashuka hadi sentimita 6, na msomaji lazima awe mita 7 kutoka kwako. Umeongeza namba mbili, umepoteza zaidi ya nusu ya umbali. Chagua laini moja, ile inayopokelewa, yenye WhatsApp. Na +255 iondoe. Aliye nyuma yako kwenye foleni ya Ubungo hapigi kutoka ng'ambo.

Halafu kuna ule ushauri wa "usizidishe maneno saba." Umetoka kwenye mabango ya Kiingereza, na watu wanauleta kwenye Kiswahili bila kuufikiria. Neno letu moja linabeba mtenda, wakati na mtendewa. "Tunatengeneza, tunafunga na kusafisha viyoyozi" ni maneno matano tu, kwa hiyo mteja anaona amefuata kanuni. Zihesabu herufi: 41. "Fundi AC" ni herufi saba, na imesema yote ambayo mtu mwenye AC mbovu anahitaji kujua. Kwa Kiswahili hesabu herufi, usihesabu maneno. Mimi nikivuka herufi 15 kwenye mstari mkuu naanza kukata. Cha kwanza kuondoka ni kitenzi, maana "tuna-" na "tutaku-" zinakula nafasi bila kumwambia mtu jambo jipya. Neno "Fundi" limeshafanya kazi ya vitenzi vyote hivyo. Fundi Bomba. Fundi Umeme. Fundi Friji. Jicho linalitambua kabla halijamaliza kulisoma.

Ndiyo maana nakataa pia jina la kampuni kukaa juu kwa herufi kubwa kuliko zote. Fulani General Enterprises & Suppliers Co. Ltd ni jina la kuandikia risiti. Mtu ambaye bomba limempasukia hatafuti "general," anatafuta bomba. Kazi iandikwe kubwa, namba kubwa, jina dogo chini. Wateja wanaona kama nawadharau kwa kuwashushia jina, wakati ninachotaka ni simu zao ziite.

Kuhusu herufi kubwa tupu sina msimamo mkali. Vitabu vya usanifu vinazikataza, lakini kwa neno fupi kama BOMBA zinajaza kimo chote cha nafasi, na hilo ni faida halisi. Kwa neno refu kama TUNATENGENEZA zinakuwa ukuta. Rangi haina mjadala mrefu: bluu iliyokolea au nyeusi juu ya gari jeupe, nyeusi juu ya njano. Njano juu ya nyeupe hapana, nyekundu juu ya nyeusi hapana, na vivuli nyuma ya herufi viondoke.

Pande za gari nazo si sawa. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukiegesha mbele ya nyumba ya mteja, upande wa dereva ndio unaotazama magari yanayopita. Huko weka kazi na namba peke yake. Upande wa abiria unatazama waenda kwa miguu. Hao wana muda, hivyo ile orodha ya huduma unayoililia naweza kukupa huko, mistari mitatu, herufi za sentimita 5. Kwenye Noah au Hiace angalia mlango wa kuteleza: ukifunguka unarudi nyuma na kufunika kila kilichoandikwa pale, na fundi akiwa kazini mlango huo huwa wazi kutwa. Namba ikae kwenye mlango wa mbele. Kirikuu kikibeba mabomba marefu, mlango wa nyuma unashushwa na namba inatazama lami, basi irudie kwenye milango ya kabini. Kitasa na kifuniko cha tangi visikate tarakimu. Tarakimu moja ikiharibika, namba nzima imekufa.

Stika yenyewe: ya bei ya chini, monomeriki, inanywea juani na kuacha mstari wa gundi pembeni unaoshika vumbi. Kwa herufi za kukatwa, za rangi moja, chukua polimeriki, daraja la juu yake. Kasti, ile nyembamba inayokubali kupinda, iwekwe penye mikunjo na mabonde. Miaka inayoandikwa na watengenezaji ni ya sehemu zilizosimama wima. Boneti na paa hapa kwetu hupigwa na jua la utosini, na pale mimi siahidi hata nusu yake. Iliyochapishwa iachwe saa 24 kabla ya kuwekwa laminesheni, yaani utando wa plastiki wa kuilinda. Anayetaka "leo leo" anafungiwa vimumunyisho vya wino ndani, vinalainisha gundi, na kingo zinanyanyuka.

Kabla ya kubandika, osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti. Polishi yenye silikoni ikibaki, gundi haishiki. Bandika kivulini. Bati likiwa la kuunguza mkono, gundi inanasa papo hapo na viputo havitoki. Fundi asikatie stika juu ya gari kwa wembe, maana mkwaruzo ukifika kwenye bati, kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu inaanzia hapo. Gari lililopakwa rangi upya bila tanuri liache mwezi mzima, la sivyo rangi itaendelea kupumua chini ya stika na kuitoa mapovu. Na siku ya kubandua, rangi iliyopakwa juu ya puti ya kuziba mabonde inaweza kuondoka na stika hata ukipasha moto taratibu. Hilo siwezi kumdhamini mtu yeyote, na ni bora alijue kabla hajalipa.

Kufunika gari zima kwa fundi mwenye gari moja nina wasiwasi nako, ingawa ndiko kunakonilipa zaidi. Herufi nzuri pande tatu zinatosha. Kufunika kote pia kunabadilisha rangi, na kadi ya gari ina rangi iliyosajiliwa, kwa hiyo nenda TRA kwanza. Ushuru wa matangazo uulize halmashauri yako. Wengine hununua laini mpya ya gari pekee ili wahesabu simu zinazoingia. Ni njia nzuri kuliko kubahatisha, lakini naitilia shaka kiasi, kwa sababu namba ikishahifadhiwa kwenye simu ya mtu mmoja inasambaa kwa majirani na huwezi tena kujua nani aliisoma barabarani.

Siku mbili za kwanza gari lisioshwe. Baada ya hapo mpira wa presha ukae zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye stika, usilenge kingo, na mafuta ya taa yasiguse herufi kabisa. Mwambie hivyo kijana anayeosha kabla hajafungua maji.