Flak: mzinga wa Kijerumani kwenye Kiingereza cha magazeti

Magazeti ya Kiingereza yakiandika kwamba waziri fulani kapata flak, ujue karushiwa madongo. Hilo halina ubishi. Ubishi huanza pale watu wanapoeleza neno lenyewe limetoka wapi.

Wapo wanaoapa kuwa ni tanakali sauti, mlio wa kofi au wa kitu kilichopasuka. Kwa sikio ni kweli linafanana, ila asili yake ni kifupisho cha Kijerumani, Fliegerabwehrkanone. Flieger ni rubani, Abwehr ni kujihami, Kanone ni mzinga: mzinga wa kutungulia ndege. Nadhani hata Wajerumani liliwachosha ulimi, maana walibakiza Fl, a na k tu. Katika maandishi ya Kiingereza lilionekana mwaka 1938. Maana ya shutuma ilikuja baadaye sana, Marekani, kwenye miaka ya 1960.

Kosa linalonikera zaidi ni la kudhani kwamba karipio lolote kali ni flak. Utazame mzinga wenyewe. Ule maarufu wa milimita 88 ulirusha kombora la zaidi ya kilo 9, na kombora hilo halikulazimika kuigusa ndege. Fyuzi yake, yaani kifaa cha kulilipua, ilitegwa muda kabla ya kufyatuliwa. Likifika kimo kilichokusudiwa linapasuka hewani, moshi mweusi unatanda, vipande vya chuma vinatawanyika kila upande. Marubani wa ndege za mabomu walipita katikati ya moshi huo bila kujua kipande kitatokea wapi.

Kwa hiyo bosi akikufokea ofisini, mlango umefungwa, hiyo bado si flak. Lakini mkurugenzi akipandisha nauli, abiria wakamjia juu, wabunge wakadakia, magazeti nayo yakamwandama wiki nzima, hapo neno limekaa mahali pake. Halafu halihesabiki. Kwetu dongo moja linatosha kumtoa mtu jasho, lakini Mwingereza hana flak moja wala flak mbili.

Tahajia nayo ina mtego. Flack, yenye c, ni neno jingine la Kimarekani la tangu miaka ya 1930, nalo ni jina la kejeli la msemaji anayelipwa kumsafisha mtu au kampuni. Siku hizi kamusi kadhaa zinaikubali flack hata kwa maana ya shutuma, kwa kuwa wengi wameizoea. Mimi c hiyo naikata kila nikiiona.

Na ile fulana nzito ya kinga inayobeba jina hili, flak jacket? Wengi hudhani ilibuniwa kuzuia risasi. Katika Vita Kuu ya Pili ilivaliwa na Wamarekani waliorusha ndege za mabomu, ikiwa na vibao vya chuma vilivyoshonewa ndani ya kitambaa, na kazi yake ilikuwa kuzuia vile vipande vya kombora lililopasuka. Risasi ya bunduki haikuwa kwenye hesabu zake.