Forodhani haikuwa bustani ya Sultani

Wageni wengi Unguja huambiwa kwamba Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, ilikuwa bustani ya Sultani, na Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyo mbele yake ilijengwa iwe nyumba yake ya kulala. Yote mawili si kweli, na inauma kuyasikia yakirudiwa kila siku.

Jina lenyewe linasema: forodha. Hapa ndipo bidhaa zilipotozwa ushuru. Bustani ilikuja 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala, ndiyo maana zamani iliitwa Bustani ya Jubilei. Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2009.

Beit al-Ajaib nayo ilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni. Baadaye Waingereza wakaifanya ofisi za serikali. Ajabu zake hazikuwa za uchawi: ni urefu wake, nguzo za chuma, na umeme ulipokuwa bado mgeni mjini. Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka, watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu.

Mtu akitaka kujua Forodhani ni ya nani, aje jioni. Vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, wazee wamekaa kwenye mabenchi, watoto wako kwenye bembea. Taa zikiwashwa, muuza juisi anaukunja muwa mara mbili, anachomeka kipande cha tangawizi na ndimu katikati, kisha anazungusha gurudumu la mashine kwa nguvu zake zote.