Kuvu ukutani: tafuta kwanza maji yanakotoka

Mpangaji akiona madoa meusi nyuma ya kabati, mara nyingi hukimbilia rangi. Baada ya muda madoa hurudi palepale, na rangi inabanduka. Chakula kuvu haikosi: vumbi, mbao, hata rangi yenyewe. Kinachoizuia ni kukosa maji. Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Njombe na Mufindi, kwenye nyanda hizohizo za juu, kuna baridi ya Juni na Julai. Huko maji huzifikia kuta kwa njia tatu.

Bati likivuja, dari hupata doa la kahawia linalotanuka kila mvua inaponyesha. Kagua misumari iliyolegea na vimpira vyake vilivyokauka.

Msingi ukinyonya maji ya ardhini, ukuta hulowa kuanzia chini, kwa kawaida hadi kama mita 1, na lipu hutoa ungaunga mweupe. Ungaunga huo ni chumvi, si kuvu; ukitiwa maji huyeyuka. Huenda nailoni ya kuzuia maji kwenye msingi haikuwekwa, au udongo wa nje umejazwa kupita usawa wa sakafu, au bati halina gata na maji yanamwagika ukutani. Hii ni kazi ya mwenye nyumba.

Njia ya tatu ni mvuke wa ndani: maharage yanayochemka kwa saa nyingi, nguo zinazoanikwa chumbani, pumzi za watu waliofunga madirisha kwa baridi. Mvuke ukigusa ukuta wa baridi hugeuka maji, hasa kwenye kona na nyuma ya makabati.

Ukishindwa kutofautisha, futa sehemu yenye unyevu ikauke juujuu, kisha bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, ukizungushia selotepu pande zote. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni mvuke. Yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta, na kufungua madirisha peke yake hakutatosha.

Kwa mvuke, sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, funika sufuria, na fungua madirisha ya pande mbili kwa dakika 15, hata kukiwa na baridi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani ili kukausha ukuta: hewa yake inaua.

Madoa yasiyozidi mita 1 ya mraba unaweza kuyasafisha mwenyewe. Vaa barakoa na glavu, usikwangue pakavu kwa sababu vumbi lake hupeperuka, sugua kwa maji ya sabuni, suuza, kausha. Kwenye vigae au rangi ya mafuta, malizia kwa dawa ya klorini, mililita 240 kwa lita 4 za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Bodi ya jipsamu iliyolainika haisafishiki. Ikatwe, iwekwe mpya.

Mwenye pumu asifanye kazi hii. Na kikohozi kikifika wiki mbili, usikisingizie kuvu. Nenda ukapime kifua kikuu.

Mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na picha zenye tarehe. Mkikubaliana utengeneze kisha ukate kwenye kodi, andikeni kiasi na mtunze risiti. Kwa nyumba mpya, kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, vuta kabati, gusa ukuta wa chini, tazama dari. Rangi mbichi kwenye kona moja tu, uliza ilifunika nini.