Mahakama ya Mwingereza ndani ya nchi ya Sultani: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wakizungumziwa Waingereza na Zanzibar, wengi huanzia 1890, mwaka nchi ilipowekwa chini ya himaya yao. Kwa habari ya mahakama, huko ni kuchelewa nusu karne. Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, angali mwenye nchi kweli kweli, mwenye manowari zake na forodha yake, tayari mjini Unguja palikuwa na Mwingereza anayesikiliza kesi na kutoa hukumu ambazo kadhi hakuweza kuzitengua. Jambo hili husimuliwa kombokombo, nami linaniuma, kwa sababu asiyelijua hawezi kuelewa mamlaka ya Sultani yalivyomponyoka kidogokidogo.

"Waingereza walijiwekea mahakama kwa nguvu."

Hapana, walipewa kwa mkataba, uliotiwa saini Muscat tarehe 31 Mei 1839. Wala hawakuwa wa kwanza. Wamarekani walikwisha kupata haki ya namna hiyo 1833, na Wafaransa waliipata 1844. Seyyid Said alikuwa akijenga biashara ya karafuu na pembe za ndovu, akitaka meli za nje zitie nanga kwake. Kuwaachia wageni waamuane wenyewe lilikuwa jambo lililozoeleka katika dola za Kiislamu tangu enzi za Waturuki, na Wazungu waliokuwa wakifanya biashara Unguja walikuwa wa kuhesabika. Kwa hesabu ya siku ile, alichotoa kilikuwa kidogo.

Mkataba ulipanga hivi: Waingereza wakigombana wao kwa wao, watu wa Sultani wasiingilie. Raia wa Sultani akimshtaki Mwingereza, kesi inakwenda kwa konseli, yaani mwakilishi wa serikali ya Uingereza mjini Unguja. Mwingereza akimshtaki raia wa Sultani, kesi inakwenda kwa Sultani au kwa aliyeteuliwa naye, ila isisikilizwe mpaka konseli au mjumbe wake awepo. Mdai ndiye anayemfuata mdaiwa kwenye mahakama yake. Kilichoamua si mahali jambo lilipotokea, bali mtu ni raia wa nani. Ukilishika hilo, mengine yote yanafunguka.

Tusifikiri pia kwamba palikuwa na majaji wa majoho. Atkins Hamerton, konseli wa kwanza, aliyefika Unguja 1841, alikuwa mwanajeshi. Christopher Rigby, aliyekuja 1858, naye mwanajeshi. John Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea. Hao ndio walioamua madeni, mirathi na makosa ya jinai, huku wakiwa mabalozi wa serikali yao kwa Sultani yuleyule.

"Ilikuwa mahakama ya Wazungu."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Waliojaa kwenye daftari za konseli walikuwa Wahindi: Banyani, Khoja, Bohora, Memoni, wenye maduka, wenye kukopesha misafara ya bara, na wenye kukodi forodha ya Sultani yenyewe. Kwa kuwa walitoka India ya Waingereza au dola zilizo chini ya ulinzi wake, Uingereza iliwahesabu kuwa watu wake. Hapo ndipo kile kidogo cha Seyyid Said kilipogeuka kikubwa, maana fedha za Unguja zilikuwa mikononi mwao.

Tazama deni la shamba. Mwarabu mwenye mikarafuu amekopa kwa Mhindi. Mhindi ndiye mdai, kwa hiyo lazima aende mbele ya makadhi wa Sultani, ambako riba ni haramu. Mkopo basi ukaandikwa kama mauziano, bei khiyari: shamba "limeuzwa", mwenyewe ana hiari ya kulikomboa ndani ya muda, na wakati huohuo anabaki shambani akilipa kodi. Kodi hiyo ndiyo faida ya mkopeshaji. Hati za namna hii zilikuwa nyingi, na ziliandikwa hivyo kwa sababu kila mtu alijua kesi itaangukia mahakama gani.

Na uraia wenyewe uligombewa. Watu wa Kutch, dola ya magharibi mwa India, walikuwa na mtawala wao, si raia wa Uingereza moja kwa moja, na wengine waliona heri wahesabiwe chini ya Sultani ili wasinyang'anywe watumwa, ambao raia wa Uingereza hakuruhusiwa kuwa nao. Ilibidi mtawala wa Kutch atoe tangazo 1869 kwamba watu wake walioko Zanzibar wahesabiwe kama raia wa Uingereza.

"Sheria ilikuwa ya London."

Ilikuwa ya Bombay. Amri ya kifalme ya 1866 iliipanga mahakama ya konseli, na rufaa zake zikawa zinavuka bahari kwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Amri ya 1884 ilieleza waziwazi: sheria za India zitumike kana kwamba Zanzibar ni wilaya ya Bombay. Kanuni ya adhabu ya India ikawa inatumika Unguja, katika nchi isiyokuwa koloni la mtu.

"Raia wa Sultani hakuweza kuguswa na mahakama hiyo."

Kwa maandishi ya mkataba, ndiyo. Kwa vitendo, mlango ulipatikana, na aliyeingizwa humo ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa.

Mwaka 1887 alifunga mkataba na mvumbuzi Henry Stanley katika ubalozi wa Uingereza Unguja, kumpatia wapagazi kwa ajili ya safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Wapagazi walichelewa, na kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya, Kongo, kikaangamia kwa njaa na maradhi. Stanley aliporudi pwani mwishoni mwa 1889 alimfungulia Tippu Tip kesi kwa konseli. Tippu Tip alikuwa bara, mbali sana, na tena hakuwa raia wa Uingereza. Lakini zaidi ya pauni 10,000 zake za pembe za ndovu zilikuwa kwa wakala wake mjini, na wakala huyo alikuwa Mhindi, raia wa Uingereza. Kwa kumshika wakala, mali ya Tippu Tip ilikamatika. Kesi iliishia bila hukumu dhidi yake, lakini ilimlazimu kushuka pwani kujitetea. Mtu aliyetawala nusu ya njia za Kongo aliguswa kupitia sanduku la fedha la wakala wake.

"Konseli aliwapendelea watu wake siku zote."

Si siku zote, na ushahidi upo. Sheria ya Uingereza ya 1843 ilikataza raia wake popote duniani kumiliki watumwa. Hamerton alilegeza. Rigby alikaza: kuanzia 1860 aliwaamuru Wahindi waliokuwa chini yake waachie watumwa, na maelfu wakapewa hati za uhuru. Matajiri walichukia, lakini hawakuwa na pa kukimbilia, kwa maana mkataba uliokuwa ukiwakinga dhidi ya Sultani ndio huohuo uliowafunga kwa konseli.

Anayetaka kuona upendeleo aangalie Japani, ambako Uingereza ilikuwa na mahakama za aina hiihii. Oktoba 1886 meli ya Kiingereza Normanton ilizama. Nahodha na mabaharia Wazungu waliokoka kwa mashua, na abiria Wajapani 25 wakafa wote. Uchunguzi wa konseli huko Kobe ulimwona nahodha Drake hana hatia. Wajapani walipandwa na ghadhabu nchi nzima, ndipo akapelekwa mbele ya mahakama Yokohama, akafungwa miezi 3. Japani haikusahau. Ilipigania kuondolewa kwa mahakama hizo hadi zikafutwa 1899.

"Himaya ilipokuja, mahakama ya konseli ikafa."

Ilitarajiwa hivyo, lakini haikuwa. Zanzibar ya himaya bado ilikuwa nchi ya Sultani kisheria, kwa hiyo Uingereza ikaendelea kuwahukumu watu wake kama walio ugenini. Mwaka 1897 iliunda mahakama kamili ya Malkia yenye jaji mwanasheria, pembeni mwa mahakama za Sultani. Mataifa mengine yaliachia haki zao moja baada ya jingine. Wamarekani walikubali kwa mkataba wa 1905, na watu wao wakahamia kwa Mwingereza. Kisha majaji Waingereza wakaanza kuketi pia katika mahakama ya Sultani: asubuhi jaji anahukumu kwa jina la Mfalme wa Uingereza, mchana kwa jina la Sultani, kutegemea aliyesimama mbele yake ni raia wa nani.

Katika Ghuba ya Uajemi mtindo huu ulidumu zaidi. Bahrain waliishi nao hadi uhuru wao, 1971.